Kombe la Baba na Doa Lake

Sebuleni mwa baba, kule Mombasa, mlikuwa na picha mbili tu ukutani: ya harusi yake na mama, na ya timu ya Olympique de Marseille ikiwa na kombe la klabu bingwa Ulaya. Hii ya pili aliletewa na rafikiye, baharia Mngazija aliyehamia Marseille, jiji la bandari kusini mwa Ufaransa.

Kila mgeni aliyekuja kunywa chai alisimuliwa habari za usiku wa Mei 26, 1993 mjini Munich, Ujerumani. Baba aliweka kikombe kando, akapiga ile kona ya Abedi Pele wa Ghana, kisha akaruka kama Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan, na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Bao moja kwa nunge. AC Milan, pamoja na ukuu wao wote, chali! Marseille ikawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kutwaa kombe hilo. Ya pili, Paris Saint-Germain, ilingoja hadi 2025.

"Waliotengeneza bao lile ni watoto wa Afrika," baba alimalizia kila mara.

Nilipoingia chuo cha uanahabari nilikuta sehemu ambayo baba hakuwahi kuisimulia. Siku sita kabla ya fainali hiyo, Marseille walicheza na Valenciennes katika ligi. Wachezaji watatu wa Valenciennes walikuwa wameahidiwa fedha ili walegeze mchezo. Mmoja wao, Jacques Glassmann, alikataa na kufichua njama hiyo. Baadaye faranga 250,000 zilifukuliwa bustanini kwa jamaa wa mchezaji mwingine. Kombe la Ulaya lilibaki, lakini Marseille walivuliwa ubingwa wa ligi wa 1993, na mwaka 1994 wakashushwa daraja. Rais wa klabu, Bernard Tapie, alifungwa jela mwaka 1997.

Nilirudi likizoni kichwa kikiwa kimejaa. Baba alipoanza hadithi yake mbele ya wageni, nilimkatiza. Nikayamwaga yote, kwa tarehe na kwa hesabu. Baba hakunijibu neno. Asubuhi nilikuta msumari mtupu ukutani.

Hatukulizungumza tena jambo hilo. Mwaka 2018 nilipopata safari ya Ufaransa, aliniambia tu: "Ukifika Marseille, mwamkie rafiki yangu."

Mzee yule alinipokea kwa Kiswahili cha Mombasa. Si ajabu, kwani Wangazija katika jiji hilo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Siku ya mechi tulishuka kwenye treni ya chini ya ardhi pamoja na umati uliovaa nyeupe na samawati. Mwarabu, Mwarmenia, Mtaliano, Mwafrika, wote walikuwa na skafu za rangi moja. Uwanja wa Vélodrome ulifunguliwa mwaka 1937, ukaitwa hivyo kwa sababu ya njia ya mbio za baiskeli iliyouzunguka. Siku hizi huingiza watu zaidi ya 67,000.

Mashabiki sugu hukaa nyuma ya magoli, kaskazini na kusini. Wana ngoma, bendera kubwa kama matanga, na viongozi wanaoupa uwanja mgongo ili wawaimbishe wenzao. Upande mmoja huita, wa pili huitikia, na sauti hiyo huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Nilijikuta nami nikiitikia, ingawa Kifaransa sikijui.

Wakati wa mapumziko nilimuuliza mzee: mliposhushwa daraja, mlikuja kweli?

"Tulikuja," alisema. "Mwaka 1995 tukashinda ligi ya daraja la pili, tukazuiwa kupanda kwa sababu ya madeni. Tukaja tena hadi tukapanda 1996. Mtoto akiiba, humfukuzi nyumbani. Lakini huwaambii majirani kwamba hakuiba." Kisha akanitazama. "Babako hakukuambia? Aliniandikia barua mwaka ule ule wa 1993, akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu ni kweli."

Nilihisi uso ukinichoma. Kumbe baba alijua tangu mimi ni mtoto wa kubebwa!

Niliporudi Mombasa nilimwomba radhi. Alicheka kidogo. "Nilikuwa nangoja ukue nikusimulie mwenyewe," alisema. "Ukanitangulia, tena mbele ya wageni."

Picha ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa kanga ya mama. Tuliitundika pamoja. Hadithi nayo imerefuka. Baba bado anapiga ile kona, bado anaruka kama Boli. Lakini akishatua chini, huwaambia wajukuu habari za Glassmann, aliyesema kweli akazomewa viwanjani kwa ajili hiyo, hadi FIFA ilipomtunuku tuzo ya uungwana mchezoni mwaka 1995.

Juzi mwanangu mdogo alimuuliza, "Babu, sasa wewe unampenda nani zaidi, Boli au Glassmann?"

Baba alinitupia jicho, akanyamaza kitambo. "Muulize baba yako," akasema. "Yeye ndiye aliyesomea."

Bado sijampa mtoto jibu.