Oili ya Gari Lililolala

Hapa Gatete, penye michikichi kila upande, ukitamka "mafuta" mtu hufikiri mawese kwanza. Ndiyo maana fundi husema "vidanji", neno tulilolipata katika Kifaransa, nalo lamaanisha kumwaga tu. Wenzetu wa Tanzania husema "kubadilisha oili", na kwa maoni yangu wamesema kweli zaidi.

Katika uhaba wa petroli wa mwaka 2024 gari letu la nyumbani, Noah ya viti vinane, lililala majuma mazima. Jirani akaniuliza: "Mwalimu, gari lisilotembea lataka vidanji ya nini?" Swali la haki, maana wengi wetu huhesabu kilomita 5,000 na kunyamaza. Lakini katika safari fupi za sokoni Rumonge injini haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu. Maji na petroli isiyoungua huchanganyika na oili, nayo hudhoofika. Basi mimi hufuata kalenda pia: miezi sita ikitimia, oili hutoka pamoja na chujio lake, ingawa lita 4 si bei ndogo kwa mshahara wetu.

Ile chafu huiweka dumuni. Mitaro yetu huteremkia Ziwa Tanganyika, wanakovuliwa ndagala tunaowala.