Teleka wa Upenuni

Mwaka jana sisi wanafunzi tulichukua ufito mrefu tukaangusha viota chini ya upenu wa madrasa, kwa kuwa ndege walichafua baraza. Kinda mmoja akafa. Ustadhi hakutupiga, alituuliza tu: "Mnamjua mliyemvunjia nyumba?" Hatukumjua. Tulidhani ni mbayuwayu.

Kumbe ni teleka. Nyumba yake huijenga kwa manyoya na majani makavu anayoyadaka hewani, akayagandisha kwa mate yake mwenyewe. Miguu yake ni mifupi, hawezi kutua tawini; hung'ang'ania ukuta kwa kucha. Hula wadudu na kunywa maji huku akiruka. Jamaa yake wa Ulaya huja Afrika kila mwaka, na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kuwa baadhi yao hukaa angani miezi 10 bila kutua. Subhanallah! Tulikumbuka Suratul Mulk, aya ya 19, tukaona haya.

Mwaka huu teleka wamerudi. Baraza tunaifagia kila asubuhi, viota tunaviacha. Kinda yule hatuwezi kumrudisha. Tumemwomba Allah atusamehe.