Osa Johnson, mwanamke wa sinema aliyepita katika milima ya Lubero

Wakaaji wa Rutshuru watacheka kidogo wakisikia hili. Katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, walikuwako gorila wawili wa Kivu waliofika huko mwaka 1931. Mmoja aliitwa Mbongo, mwingine Ngagi. Kwa Kinyarwanda gorila ni ingagi, basi ni kama mtu ampe mbuzi wake jina la Mbuzi. Walikamatwa wangali wadogo katika milima ya Alumbongo, upande wa Lubero. Mmoja wa waliowapeleka Marekani ni mwanamke ambaye watu wa majumba ya sinema kule walimjua vizuri kwa sura: Osa Johnson. Mwingine ni mume wake, Martin.

Osa alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas. Alipokuwa na miaka 16 aliolewa na Martin, kijana aliyekuwa amesafiri bahari ya Pasifiki katika mashua ya mwandishi Jack London. Kwanza waliishi kwa kuonyesha picha za safari hiyo ukumbini, Osa akiimba nyimbo za Hawaii mbele ya watu. Mwaka 1917 wakaenda wenyewe visiwani na kamera. Filamu yao ilitoka mwaka uliofuata, bubu kama filamu zote za wakati ule.

Hakusomea kuigiza. Alijicheza mwenyewe, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Mwaka 1923 ilitoka filamu ya wanyama wa Afrika, na mwaka 1928 ikafuata Simba, iliyopigwa Kenya wakati walipokuwa na makao yao kando ya ziwa moja juu ya mlima Marsabit. Walivyofanya kazi ni hivi: Martin anazungusha mkono wa kamera, mnyama anakuja mbio, na Osa amesimama pembeni na bunduki. Akikosa, wote wawili wamekwisha. Halafu mahali pengine katika filamu hiyohiyo anaonekana akipika, kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa Marekani walipenda sana mchanganyiko huo. Tusimnyime haki yake: bunduki ile haikuwa ya mchezo, na woga hakuwa nao.

Lakini sinema bubu ina jambo ambalo mtu yeyote aliyezoea redio analiona upesi. Ndani yake hakuna anayesikika. Maneno yanaandikwa kwenye kadi, na kadi inaingizwa katikati ya picha. Kadi hizo ziliandikwa Marekani, safari ikiwa imekwisha. Mpagazi anafungua kinywa, anasema neno kwa lugha yake, na mtazamaji wa New York anasoma mzaha ulioandikwa na mtu mwingine.

Kisha sauti ikaja. Mwaka 1932 ilitoka Congorilla, filamu iliyopigwa Kongo, katika msitu wa Ituri na kwenye milima ya gorila, na vyombo vya kunasa sauti vilibebwa mpaka huko. Ungefikiri sasa Wambuti watasikika. Wanasikika, ndiyo. Lakini sehemu inayokumbukwa kuliko nyingine ni ile ambamo inapigwa santuri ya jazi na Osa anacheza pamoja nao. Watu ambao kuimba kwao kwa sauti nyingi kunawashangaza mafundi wa muziki, wakawa kichekesho juu ya santuri ya mgeni. Sauti imefika, kadi haikuondoka.

Waliopitia kambi za Bulengo ao Kanyaruchinya hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kamera inakuja mchana, inapiga picha ya mtoto kwenye foleni ya maji, inaondoka na gari. Maneno ya chini ya picha yanaandikwa mbali. Wako wamama waliojifunza kufunika uso kwa kitenge kamera inapokaribia, na hawana kosa.

Osa naye hakuishi kwa starehe tu. Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka California. Martin akafa, yeye akavunjika mguu, na bado aliendelea kuzunguka kutoa hotuba zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kitabu chake cha mwaka 1940, I Married Adventure, kilinunuliwa sana. Mbongo alikufa mwaka 1942, akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 270. Ngagi alimfuata mwaka 1944, na Osa mwenyewe mwaka 1953, kule New York.

Kuna jambo moja la mwanzoni mwa kazi yake lisilofaa kusahauliwa. Katika kisiwa cha Malekula, ambako mwaka 1917 yeye na Martin walishikwa na watu wa chifu Nagapate na kuponea chupuchupu, walirudi mwaka 1919 na mashine ya sinema. Usiku wakatundika kitambaa, wakaonyesha picha walizopiga safari ya kwanza. Watu wa Nagapate wakajiona. Hawakuhitaji kadi yoyote: kila sura ilipotokea kwenye kitambaa, waliitambua na kuita jina la mwenyewe kwa sauti kubwa.