Umempoteza Wapi?

Mama alipofariki mwaka wa 2024, niliandika kwenye status: "Nimempoteza mama." Pole zikaanza kuingia kabla sijaweka simu chini. Kisha mamdogo akapiga kutoka Likoni. Hakusalimu.

"Umempoteza wapi?"

Nilidhani hajapata habari, halafu nikakumbuka ni yeye aliyenipa.

"Mamdogo, si nimeandika tu..."

"Mtu hampotezi mamake aliyefia kitandani, mwanangu. Umefiwa. Andika umefiwa."

Nikabadilisha. Saa tano usiku, Nairobi, nimekaa sakafuni na begi la safari bado tupu, nasahihishwa Kiswahili.

Aibu yenyewe ni kwamba maneno ndiyo kazi yangu. Natafsiri yale maandishi ya chini ya filamu, kutoka Kiingereza, nikiwa na nafasi ya herufi 42 kwa mstari. Na hakuna kitenzi kinachonisumbua kama "lose". Wenyewe wanakitumia kwa kila kitu. Timu ikilose, kwetu imefungwa. Mtu akilose kilo tano, amepungua. Akilose kazi, amefutwa. Akilose pesa kwa biashara, amepata hasara. Mwanamke akilose mimba, mimba imeharibika. Saa ikilose dakika, inachelewa. Halafu kuna ile ya mtu kukatiza maelezo ya mwenzake na kusema "you lost me". Hiyo huwa naandika "umeniacha njiani", na aki hiyo moja najivunia.

Shida ni daktari. Katika kila filamu kuna daktari anayetoka chumba cha upasuaji, anavua barakoa na kusema "we lost him". Kwa miaka mitatu niliandika "Tumempoteza". Inatosha kwenye mstari, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Kiingereza chenyewe hakina kosa. Neno lao la kale, losian, lilimaanisha kupotea na pia kuangamia, kwa hivyo kifo kilikuwa ndani yake tangu zamani. Lakini kwetu kupoteza ni kufanya kitu kipotee. Lazima kuna mtu aliyefanya. Kufiwa ni kama kunyeshewa: mvua ndiyo inayonyesha, wewe uko chini yake tu.

Kwa hivyo mamdogo alikuwa sahihi. Ila hakujua kwamba niliwahi kumpoteza mama kweli.

Ilikuwa 2022, kumbukumbu zake zimeanza kuyeyuka. Nilikuwa nimempeleka kliniki upande wa kisiwani, na tulikuwa tunarudi Likoni na feri ya jioni, ile ya watu kubanana hadi unapumua shingoni mwa mtu usiyemjua. Nilikuwa nimemshika mkono. Simu ikalia, mteja. Kwa kelele za injini sikuwa nasikia kitu, nikauachia mkono wa mama ili nizibe sikio la pili. Dakika mbili, labda tatu. Feri ikagusa ng'ambo, umati ukanisukuma hadi nchi kavu simu ikiwa bado sikioni. Nilipogeuka, mama hayuko.

Nilimtafuta kwa wauza mihogo. Nikaenda stage ya matatu za Ukunda, nikarudi kwa askari, nikauliza kila mtu kama amemwona mama wa leso ya manjano. Unajua ni mama wangapi Likoni wana leso ya manjano? Giza likaingia. Baada ya karibu saa tatu, muuza madafu mmoja akaniambia kuna mama ambaye tangu jioni anavuka na kurudi, anavuka na kurudi. Anayetembea kwa miguu halipi kwenye feri, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza chochote.

Nilimkuta ameketi pembeni, mkoba magotini, viatu amevivua na kuvipanga vizuri kama yuko sebuleni.

"Ulienda wapi wewe?" akaniuliza, amekasirika kabisa. "Nimekutafuta ng'ambo zote mbili."

Nikaomba msamaha. Nyumbani nilisema tumechelewa kwa sababu ya foleni ya feri, na kila mtu Likoni anaamini foleni ya feri. Kesho yake mama hakukumbuka lolote. Nikashukuru, na bado naona haya kwamba nilishukuru.

Nilirudi kwa arubaini. Mamdogo alikuwa uani na ungo, anapeta mchele. Nikaketi kwenye mkeka kando yake nikamwambia yote: feri, mkono, simu, ule uongo wa foleni. Hakuinua macho. Alipeta, akatoa vijiwe, akapeta tena.

"Huyo mteja wako," akasema baadaye, "alikuwa anataka nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Sikuweza.