Jasho Kabla ya Baridi

Askari walionisumbua zaidi Kilimanjaro ni wale wenye pumzi. Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera kileleni Desemba 1961, na wanajeshi wetu hupanda kuadhimisha Uhuru, na mara kadhaa nilikuwa miongoni mwa viongozi wa Marangu waliowatangulia. Mimi nilianzia ugumu, nikibeba mizigo ya wageni kwa koti la mtumba la soko la Memorial. Baridi niliijulia huko.

Majeshi ya nchi za theluji hufunzwa kuteleza kwa skii na kuchimba pango la kulala. Theluji yetu iko juu kabisa, tunaipitia alfajiri na kushuka. Hivyo somo langu lilikuwa jasho. Kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara ni msitu wenye joto na unyevu, na aliyezoea mchakamchaka hutaka kufika wa kwanza. Fulana ya pamba ikilowa pale, haikauki tena. Kesho yake jioni, kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, anatetemeka yuleyule aliyekuwa akituongoza nyimbo.

"Mangi, mbona unatutembeza kama maharusi?" aliniuliza koplo mmoja kutoka Lindi.

"Nakutunzia fulana, afande."

Kwenye vibanda vya Kibo, kabla ya kuondoka kuelekea kileleni saa sita usiku, nilikagua miguu kwanza. Soksi ziwe zile zilizokaa kwenye mfuko wa nailoni tangu Moshi. Vidole vicheze ndani ya buti, maana likibana damu haifiki. Chupa za maji tulizigeuza kichwa chini: maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo ulio chini unabaki wazi. Koti kubwa likae begini mpaka tusimame. Hilo lilileta ubishi kila mwaka, kwani nani anataka kuanza safari akisikia baridi?

Tatizo jingine, askari hasemi anaumwa ugonjwa wa mwinuko. Kwa hiyo sikuuliza. Nilimwambia atembee kisigino kikigusa vidole, hatua chache. Anayeyumba anashuka, awe na nyota ngapi begani. Kwenye Pango la Hans Meyer kepteni mmoja aliyumba.

"Afande, unashuka."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mlima. Mimi natumwa tu."

Alishuka na msaidizi wangu hadi Horombo. Tulipomkuta mchana alikuwa kwenye bakuli la pili la mtori, kichwa kimetulia, akaniuliza kama kesho naweza kumrudisha juu. Nikamkatalia.