Dakika za Kurudi Mtwara

Tangu nistaafu urubani, vijana wanaorusha ndege ndogo huku kusini hunipigia simu. "Shikamoo Kapteni. Mtwara hadi Songea ni muda gani?" Nami huwauliza kwanza: kwenda au kurudi?

Nilizaliwa Masasi, baba akiwa karani wa korosho, nikasoma Ndanda, kisha nikapata ufadhili wa kujifunza urubani. Hayo yanatosha. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye Cessna Caravan, na njia niliyoijua kuliko zote ni hiyo.

Kwa barabara, kupitia Masasi na Tunduru, ni zaidi ya kilomita 600. Angani ni kama 504, yaani maili 272 za baharini, karibu magharibi tupu, mto Ruvuma ukiwa mbali kushoto. Ukienda noti 160 na upepo umetulia, ni saa moja na dakika 42. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule anaiweza.

Hesabu ya pili nilifundishwa na kapteni mmoja mzee, mkali kwelikweli. Alinikalisha mezani na kile kikokotoo cha duara cha kuzungusha kwa kidole, akanikataza kuandika muda kabla sijaandika upepo. Msimu wa kusi, huko juu upepo hutoka mashariki na kusini-mashariki. Chukua noti 20. Kwenda unasukumwa, mwendo wako juu ya ardhi unakuwa noti 180, unafika kwa saa moja na dakika 31. Kurudi unaupinga, unabaki na 140, na njia ileile inakula saa moja na dakika 57. Umeokoa dakika 11, umepoteza 15, kwa sababu upepo unaokuzuia unakaa nao muda mrefu kuliko ule uliokusaidia.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilichapa ratiba yenye muda mmoja wa kwenda na kurudi, na mafuta yakapimwa kwa muda huo. Msimamizi wa safari aliniambia mbele ya abiria kwamba upepo wa kwenda hufidia wa kurudi. Nikamjibu: "Ndugu yangu, haufidii." Sikuwasha injini mpaka mizigo ikateremshwa ili mafuta ya kurudia yaongezwe. Nilipewa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, na jibu langu ni lilelile.

Vijana wangu, GPS ni chombo kizuri, lakini dakika inazowaonyesha zinatokana na mwendo wa sasa hivi. Upepo ulio mbele haiujui. Uwanja wa Songea uko juu ya futi 3,400 kutoka usawa wa bahari; mchana wa joto ndege hupanda kwa shida, na dakika hizo za kupanda lazima zihesabiwe. Mnaporudi, msing'ang'anie futi 9,500 kama upepo wa 7,500 ni hafifu: shukeni. Na ile nusu saa ya mafuta ya akiba ya mwisho isiguswe kwenye mpango wa safari kwa ajili ya gunia la mtu yeyote.

Wenye makampuni nawaomba jambo moja: kwenye ratiba zenu andikeni nyakati mbili, ya kwenda na ya kurudi, na mafuta yapimwe kwa ile ndefu.