Safari ya Mtae kwa Pikipiki

Wengi wenu mmeiona milima ya Usambara kutoka dirishani mwa basi liendalo Moshi: ukuta wa buluu upande wa kulia, ukisha kupita Korogwe, na mawingu yamekaa juu yake. Sisi nasi kwa miaka mingi hatukuijua ila hivyo. Basi rafiki yetu, ambaye ni fundi wa pikipiki hapa Tanga, alipotushauri mwezi wa Julai uliopita twende tukaipande milima hiyo juu ya chombo chake, tulimkubalia upesi kuliko alivyotaraji. Yeye alidhani twapenda matembezi. Kumbe huko juu, katika mji wa Mtae, tulikuwa na deni.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri. Khabari ya njia ya bondeni si ndefu: ni mikonge, kisha mikonge tena. Yasemekana mbegu yake ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, kutoka Florida. Miche 1,000 ilipakiwa, na iliyofika hai ni 62 tu. Anayeipita leo mistari ile isiyokwisha huona taabu kuamini.

Mombo ni mji wa joto na vumbi, uliofikiwa na reli ya Wajerumani mwaka 1905. Hapo tulikunywa chai, na rafiki yetu akakaza mnyororo, akatazama breki mara mbili, kisha akatutazama sisi kitambo, kama mtu apimaye gunia. “Bwana wee,” akasema, “mashine hii ni ndogo, na wewe si mdogo.” Na kweli, kutoka Mombo njia huingia katika korongo na kuanza kupanda, mto ukinguruma chini upande mmoja na jabali likisimama upande wa pili, na kona hufuatana hata mtu asijue tena wapi alikotoka. Tulikwenda kwa gia ya pili, na penye mwinuko mkali kwa gia ya kwanza. Kila tulipopanda, joto lilitupungukia. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji yaonekanayo kutoka barabarani, tulikuwa tumekwisha kuvaa makoti.

Pande za Soni ndiko iliko Vugha, uliokuwa mji mkuu wa Wakilindi. Twapenda vijana wetu wa pwani walijue jambo hili: Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka Vugha, na amri yake ilifika hata pwani, na madiwani baina ya Tanga na Pangani walithibitishwa naye. Alipokufa, wanawe na wajukuu wakapigana wao kwa wao. Mwanawe Semboja alikaa chini, Mazinde, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki. Na raia waliouzwa utumwani katika fitina ile hawana hesabu. Sisi wa pwani twazoea kudhani kwamba khabari zetu zaanzia baharini tu.

Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko juu ya bahari kadiri ya mita 1,400. Tulisali hapo Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kuzipunguza, na maji ya kutawadhia yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Baada yake lami ikatuacha. Msitu wa Magamba ni mweusi na umelowana, miti imefunikwa kuvu na ukungu wapita barabarani kama moshi. Katika utelezi wa kona moja tulianguka sote wawili, polepole, pasina kuumia ila goti moja na kioo kimoja. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya kabichi kichwani walisimama, wakatupa pole, na mmoja wao akatuinulia pikipiki kabla sisi hatujasimama vizuri. Jambo hilo rafiki yetu hapendi likumbushwe.

Kupita Lukozi, milima yote imelimwa: viazi, karoti, maharage, kila kipande cha mteremko kina mwenyewe. Tukapita Sunga, na jua likielekea kuzama tukaingia Mtae. Mji huu umejengwa juu ya mgongo wa mlima, na nchi inaporomoka pande zote mbili. Chini kabisa zaonekana nyika za Mkomazi, na mbele yake milima ya Upare. Rafiki yetu alizima mashine, akakaa kimya. Kisha akasema, “Sasa niambie. Tangu Lushoto husemi neno.”

Tukamwambia. Mtoto wetu alipougua, mwenzetu wa kazini, mtu wa Mtae, alitukopesha shilingi 200,000, wala hakutudai. Kila mwezi tulisema mwezi ujao. Akafa ghafla, miaka mitatu sasa, akaletwa kuzikwa kwao. Sisi hatukuja mazikoni. Na pale ndipo husimama mtu wa jamaa akauliza, nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye?

“Ungezituma kwa simu,” akasema rafiki yetu.

“Kwa nambari ya nani? Na tungesema nini?”

Hakujibu. Tulisali Magharibi msikitini, tukauliza, na kijana mmoja akatupeleka kwa mama wa marehemu. Bibi yule alikuwa amekaa jikoni karibu na moto. Alitukaribisha, akatupa uji wa moto kabla ya kutuuliza sisi ni nani. Tulipotaja jina letu aliinua uso, akamwambia mkwewe kwa Kisambaa neno tusilolijua. Mkwewe akaleta daftari.

Jina letu lilikuwa mle, kwa mkono wa marehemu. Basi miaka mitatu walilijua, wakangoja. Na mbele ya jina haikuandikwa 200,000, bali 240,000. Tulitaka kusema si kweli. Kisha tukakumbuka kwamba usiku ule yeye ndiye aliyekimbilia duka la dawa, na fedha ya dawa hatukumrudishia. Mfukoni tulikuwa na 200,000 kamili na nauli ya mafuta.

Rafiki yetu alitoa 40,000 zake, akaziweka juu ya zetu, hakutazama upande wetu.

Aliitwa mwalimu wa madrasa, na fedha zikagawanywa pale pale, kwa kuwa marehemu alikuwa hadaiwi na mtu wala hakuusia kitu: mama sudusi yake, 40,000, mjane thumuni, 30,000, na 170,000 zilizosalia ni za mwanawe, kijana wa miaka tisa aliyekuwa amesinzia mkekani, naye babaye hakuacha mtoto mwingine. Bibi alikata jina letu katika daftari kwa kalamu ya risasi, kwa mstari mmoja mnene, akatuombea njia njema. Hakutulaumu. Tungalipenda atulaumu kidogo.

Kulipokucha tuliteremka. Kushuka kuna khatari kuliko kupanda, kwani anayeshikilia breki moja kwa moja huzichoma, na breki iliyopata moto haishiki. Kwa hivyo rafiki yetu alikaa katika gia ya pili, akaiacha mashine yenyewe izuie. Mombo tulinunua chai na karatasi. Tukaandika jina lake, 40,000, tarehe, na siku ya kulipa, na muuza chai akatia sahihi kuwa shahidi, akicheka. Rafiki yetu aliikunja karatasi akaitia katika kofia yake ngumu, akaivaa, akapiga mashine moto.